Mwalimu Mphuthumi Vellem na Wimbo Aliompa Shetani

Maisha haya yanasomwa kama mwenyewe alivyotaka yasomwe. Miezi michache kabla hajafariki aliwaita watoto wake akawaambia wasiruke kitu. Mkewe alipomjibu kwamba mambo mengine ni ya ndani ya nyumba, alisema amechoka kukaa nayo humo ndani. Kwa hiyo mtakayoyasikia leo, mengine ya kumsifu na mengine si ya kumsifu, tunayasoma kwa amri yake.

Marehemu Mphuthumi Vellem, wa ukoo wa Tolo, jina ambalo wengi walimwita, alizaliwa tarehe 12 Machi 1936 hapa Mpenduze, wilaya ya Centane. Alikuwa mtoto wa tatu wa Dumezweni Vellem na Nosayinethi, aliyeitwa kwa ukoo wake MaDlomo, lakini wa kwanza kuishi, kwa sababu wawili waliomtangulia walikufa wachanga. Baba yake alifia katika mgodi wa dhahabu Johannesburg mwaka 1945, na mwili haukurudishwa. MaDlomo alibaki na mtoto huyo mmoja, ng'ombe wachache na jiwe la kusagia. Alikuwa mtu wa blanketi jekundu, mwanamke wa kujipaka udongo, kuvaa shanga na kuvuta kiko kirefu, na hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Mtama aliousaga kwenye jiwe hilo ulikuwa wa pombe, na pombe ndiyo iliyomsomesha marehemu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1946, akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimrudisha nyumbani akaoge, maana mwili ulikuwa mwekundu kwa udongo. Mphuthumi alishuka mtoni akajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Mama yake alimkuta huko, akampaka mafuta ya kondoo, na tangu siku hiyo hakumpaka tena udongo. Shuleni ndiko alikojifunza kuandika muziki kwa herufi za do-re-mi. Wimbo wa kwanza aliouandika ulikuwa ule wa mama yake wa kusagia, ambao mmoja huanzisha na wenzake humwitikia:

"Saga, saga, mgeni yuko mlimani."

"Aje, aje, jiwe bado lina moto."

Alimpelekea mama yake karatasi. MaDlomo aliigeuza huku na huku, akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani hii ndiyo sauti yangu? Mbona imekonda hivi?"

Marehemu alikuwa akiisimulia hadithi hii kila Krismasi, na kila mara aliacha kucheka kabla yetu.

Alimaliza mafunzo ya ualimu mwaka 1958, akafundisha Butterworth, kisha Januari 1965 akahamia Mdantsane. Hapo alianzisha kwaya ambayo wengi wenu mliimba ndani yake. Alikuwa mkali. Mtu aliyechelewa mazoezi aliimba peke yake mbele ya wote, na mtu aliyeimba juu ya sauti aliyopewa aliulizwa kama amealikwa huko. Lakini aliwapenda waimbaji wake, wafanyakazi wa viwandani, wauguzi, wapishi wa majumbani kwa Wazungu. Alikuwa akisema kwamba jirani zake wana sauti za kujaza jumba lolote duniani, tatizo ni kwamba hakuna anayewafungulia mlango.

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na Nobantu Ntshinga, muuguzi, binti wa mchungaji wa Methodisti. Wakwe walituma ujumbe wa adabu kwamba mama wa bwana harusi aje ameuosha udongo na amevaa viatu. MaDlomo alioga, akanunuliwa viatu, na alipofika mlangoni pa kanisa akavivua akaingia navyo mkononi visije vikaharibika. Baada ya ibada mgeni mmoja alimwuliza marehemu kama yule mama aliyeshika viatu ni mtumishi wa nyumbani. Marehemu alitabasamu tu, akageukia wageni wengine. Alituambia kwamba hapo ndipo alipoanza kumkana, na kwamba haikumuuma hata kidogo. Alituomba tuandike na hilo, kwamba haikumuuma.

Mwaka 1973 alianza kutunga opera. Aliiita Kuanguka na Kuinuka kwa Lizo. Ilikuwa habari ya kijana mhubiri ambaye Shetani anamchukua kutoka kijijini, anampeleka mji wa dhahabu, anamnywesha, anamvika sifa, mpaka kijana anamsahau Mungu. Katika sehemu ya tatu malaika wanashuka na kumwinua. Alitaka iwe opera kubwa kamili, yenye waimbaji mia moja, okestra, mapazia na moto wa jehanamu uliotengenezwa kwa taa na vitambaa. Sauti ya Shetani alipewa Gcinumzi Mabandla, fundi wa magari, besi kubwa kuliko zote Mdantsane, aliyekua na marehemu wakichunga pamoja hapa Mpenduze.

Wimbo ambao Shetani anamnyweshea Lizo pombe ulikuwa wimbo wa kusagia wa MaDlomo.

Gcinumzi aliutambua siku ya kwanza ya mazoezi.

"Tolo, huu si wimbo wa mama?"

"Ni wimbo wa kila mtu."

"Na unampa Shetani?"

"Unamfaa. Una utamu, na ni wa pombe. Watu wa kanisa wataelewa mara moja."

"Watu wa kanisa sawa. Na mama je?"

"Mama hatakuja," alijibu marehemu. "Imba kuanzia mwanzo."

Opera ilichezwa Jumamosi tarehe 4 Oktoba 1975, East London, katika ukumbi mkubwa wa Wazungu uliotolewa kwa kibali cha siku moja. Ilibidi ichezwe mchana, kwa sababu kibali hakikuruhusu watu weusi kubaki mjini baada ya giza. Wapigaji wa vinanda na tarumbeta walikuwa Wazungu wa mjini. Safu za mbele walikaa wakubwa wa mji, maofisa wa elimu na wachungaji. Bi. Nobantu alikaa safu ya pili na baba yake. Marehemu alivaa koti jeusi lenye mkia, akasimama mbele ya okestra na kijiti chake.

MaDlomo hakualikwa. Alikuwa amesikia kwa watu wa basi kwamba mtoto wake anaimbisha watu mia moja mjini. Alijipaka udongo mpya, akavaa shanga zake zote na kitambaa kikubwa cha kichwani, akabeba kibuyu cha maziwa ya mgando na mkate wa kuchemsha kwa ajili ya mwanawe, akapanda basi Centane. Mtu wa kwaya aliyekuwa akipokea wageni alimpa nafasi nyuma kabisa.

Sehemu ya kwanza ilipita vizuri. Katika sehemu ya pili Shetani alitokea na pembe zake na joho jekundu, akamnyooshea Lizo kata ya pombe, akaanza kwa ile sauti ya chini: "Saga, saga, mgeni yuko mlimani."

Katika opera hakuna anayeitikia hapo. Panatakiwa kimya.

MaDlomo alisimama kule nyuma akaitikia. Hakukusudia kuharibu kitu. Wimbo ule ukianzishwa huitikiwa, na aliona hakuna anayeitikia. Aliitikia kwa sauti yake ya uwanjani: "Aje, aje, jiwe bado lina moto!" Watu wakageuka. Wengine wakacheka, na vijana wachache waliokaa roshani juu, waliotoka vijijini kama yeye, wakaitikia pamoja naye. Basi akatoka kwenye kiti, akashuka katikati ya ukumbi huku akiitikia na kupiga makofi, kiko kikiwa mdomoni na kibuyu kwapani, akielekea kwa mwanawe.

Okestra ilisimama. Msimamizi wa ukumbi, Mzungu, alimwahi MaDlomo hatua chache kutoka jukwaani, akamshika mkono. Kisha akamwuliza marehemu, kwa heshima kabisa:

"Mwalimu, huyu mama anasema wewe ni mtoto wake. Ni kweli?"

Marehemu aliwaona maofisa wa elimu. Alimwona baba mkwe wake. Alimwona mama yake akimtabasamia na meno yaliyobaki, udongo wa uso umeanza kuchirizika kwa jasho.

"Hapana," alisema. "Simfahamu. Nadhani ni mmoja wa watu wa vijijini waliofuata basi la kwaya."

Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna ambaye angemfukuza kazi kwa kusema ndiyo. Alituambia amelitafuta tishio lililomfanya aseme vile, miaka yote hiyo, na hakulipata. Palikuwa na aibu tu, na ilikuwa ndogo, ya dakika chache, ambayo angeweza kuivumilia.

MaDlomo alitolewa nje. Alikiweka kibuyu chini mbele ya jukwaa kabla hajatoka, na kilikaa pale mpaka mwisho. Marehemu aliinua kijiti. Gcinumzi, na pembe zake kichwani, alichelewa kuanza, na watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo jinsi Shetani alivyosimama akimtazama mwongozaji bila kufumba macho. Kisha akaimba. Malaika wakashuka, Lizo akainuliwa, ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi.

Gcinumzi hakungoja makofi. Alitoka kwa mlango wa nyuma na mavazi yake ya jehanamu, akamkuta MaDlomo ameketi kwenye ngazi. Alimsindikiza mpaka kituo cha basi, watoto wakiwafuata wakimcheka shetani anayetembea na bibi. Njiani mama alimwambia jambo moja tu.

"Umeimba vizuri, Gcinumzi. Ila hao wenzako hawajui kuitikia."

Jioni ile nyumbani kwa mwalimu kulikuwa na wageni na kuku na keki. Walipoondoka, Bi. Nobantu, aliyekuwa amekaa safu ya pili na hakusema kitu, alimwuliza mumewe, "Mama yako amelala wapi leo?" Mumewe alianza kukusanya sahani, na yeye mwenyewe hakuuliza tena. Ameruhusu hilo lisomwe, na amesema aibu hiyo nusu ni yake.

Magazeti yaliisifu opera. Mwaka uliofuata marehemu alifanywa mkaguzi wa muziki wa shule, akapewa gari.

Desemba ile ya 1975 alikuja hapa Mpenduze akiwa amekusudia kupiga magoti. Alikuta uwanja umejaa wanawake, na mama yake katikati anasimulia opera. Alikuwa ameisimulia tangu Oktoba na kijiji kizima kiliijua. Alieleza taa, vinanda, koti lenye mkia la mwanawe, na jinsi Gcinumzi alivyoota pembe. Kisha akafika sehemu ambayo hakuiona.

"Basi Shetani kamshika kijana huku, kijana analia. Ndipo mama wa kijana akaingia na ufagio. Akampiga Shetani, pa! pa! Akamwambia, 'Toka kwangu, mlevi we, huyu nimemzaa mwenyewe!' Shetani akakimbia, joho limemnasa mlangoni!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akamgeukia marehemu.

"Tolo, eti ni kweli? Au mama yako anatupiga kamba?"

MaDlomo alimtazama mwanawe. Marehemu alisema kwamba katika macho yale hapakuwa na hasira wala maumivu, alikuwa anangoja jibu kama wengine.

"Ni kweli," alisema. "Alimpiga kwa ufagio."

"Si niliwaambia?" mama akasema, akawasha kiko.

Walipobaki wawili alijaribu.

"Mama, siku ile ukumbini..."

"Kula kwanza."

"Yule Mzungu aliponiuliza..."

"Mle ndani mlikuwa na joto. Nikatoka nipate hewa."

"Mama, nilisema sikujui."

MaDlomo aliacha kupakua. "Masikio yangu siku hizi hayasikii vizuri," alisema. "Na wewe usije ukalisema hilo mbele ya watu. Nimewaambia niliona yote. Ukilisema, hawatakucheka wewe. Watanicheka mimi."

Kwa hiyo marehemu alikosa hata pa kuombea msamaha, kwa sababu mama yake hakukubali kwamba amekosewa. Alijaribu tena na tena katika miaka iliyofuata, na kila mara alipewa chakula.

Mwaka 1978 aliiandika upya opera yake. Alimnyang'anya Shetani wimbo ule, akamtungia mwingine. Sehemu ya tatu akaingiza mama wa Lizo, sauti ya alto, anayekuja kumfuata mwanawe mjini akiimba wimbo wa kusagia, na kwaya yote inamwitikia. Hata ufagio aliuweka. Wachungaji wengine walinung'unika kwamba malaika wamepunguziwa kazi. Ilichezwa Pasaka ya mwaka 1979, Mdantsane. Marehemu alikuja mwenyewe na gari kumchukua mama yake. Alikuwa amemwekea kiti safu ya mbele, na amejiandaa kumshika mkono na kumtambulisha kwa watu wote.

MaDlomo alikuwa anapalilia. Hakuinuka.

"Nenda mwanangu, usichelewe. Mimi nilishaiona."

"Hii ni nyingine, Mama. Nimeibadilisha."

"Nilishaiona," alisema tena, "na iliisha vizuri."

Alirudi Mdantsane na gari tupu. Kiti kilikaa wazi siku hiyo. MaDlomo alifariki tarehe 22 Julai 1984 bila kuiona opera ya mwanawe mpaka mwisho.

Baada ya kumzika hakukuwa tena na mtu wa kuchekwa, na marehemu angeweza kusema. Hakusema. Alikuwa mzee wa kanisa, mkaguzi, mtu wa kukaribishwa meza kuu. Yeye mwenyewe alituambia kwamba mwanzoni alinyamaza kwa ajili ya mama, na baadaye kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba watu wasiyachanganye hayo mawili. Waliofanya naye kazi mtakumbuka kwamba katika mashindano ya kwaya hakukaa na waamuzi wakati watu wanaingia. Alisimama mlangoni. Mlevi, kichaa, bibi mwenye kuku, wote aliwatafutia viti. Mlimsifu kwa unyenyekevu. Alikuwa akirudi nyumbani siku hizo hawezi kula.

Alistaafu mwaka 1996. Miaka miwili baadaye aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2008 alikatwa mguu wa kulia. Aliendelea kufundisha waimbaji sebuleni akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mkali vilevile. Mwanzoni mwa mwaka huu figo zilianza kushindwa. Ndipo alipowaita watoto, mbele ya mkewe na Gcinumzi, akasema yote mliyoyasikia.

Bi. Nobantu alilia. "Mphuthumi, unataka watu wale nyama ya mazishi yako huku wanakucheka?"

"Wacheke. Walishamcheka yeye, na mimi nikaendelea kuongoza."

Binti yake mkubwa, Zukiswa, alisema, "Tata, ulikuwa kijana. Bibi alikusamehe zamani."

"Bibi yako hakunisamehe," alisema. "Alinilisha."

Gcinumzi, ambaye kwa miaka thelathini na zaidi hakumwambia mtu, aliulizwa kama ana neno. Alisema alikuwa akingoja mwenye habari aisimulie mwenyewe, na kwamba amechelewa sana, lakini hata hivyo akamshika mkono.

Mwalimu Vellem alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Juni 2011, hospitalini East London, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Kanisa lilimtengea nafasi Mdantsane pamoja na wazee wengine. Aliikataa. Aliomba azikwe hapa Mpenduze, na asilazwe kando ya mama yake kama watu walio sawa, bali chini kidogo, upande wa miguu. Alisema, "Mtu akipita akauliza huyu wa chini ni nani, mwambieni ni mtoto wa yule wa juu. Msiongeze mengine."

Marehemu ameacha mjane, Bi. Nobantu, watoto wanne, Zukiswa, Lungisa, Phakamile na Nomvuyiso, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, rafiki yake Gcinumzi Mabandla, na waimbaji wengi kuliko familia inavyoweza kuwataja.

Hakuagiza tumwombee sifa. Aliagiza kwamba mwili ukishushwa, Gcinumzi aanzishe wimbo wa kusagia, na kila aliyefika hapa, wa shule na wa blanketi, mkubwa na mdogo, aitikie kwa sauti. Tunawaombeni mtu asinyamaze.

Nenda, Tolo, mtoto wa MaDlomo. Mungu akupokee bila kukuuliza mara mbili.